Naomba ushauri: kifaa cha kunasa video na skrini ya kukagulia kwa bajeti ndogo

Habari wakuu. Natafuta kifaa nafuu cha kuingiza video ya HDMI kwenye kompyuta, pamoja na skrini ya kukagulia. Kamera inatoa 1080p, fremu 50 kwa sekunde.

Vifaa vya USB 2.0 nimeviondoa kwenye hesabu. Njia hiyo ina megabiti 480 tu kwa sekunde, ilhali picha hii isiyobanwa, 4:2:2 ya biti 8 (rangi ina nusu ya maelezo ya mwangaza kwa upana), inataka takriban 1,660. Ndiyo maana vifaa hivyo huibana picha kwanza, na kingo za rangi kali huharibika. USB 3.0 inatosha, ila diski iandike megabaiti 207 kila sekunde bila kusita. Diski ya kuzunguka hupungua kasi inapokaribia kujaa, na fremu zinapotea.

Kwenye skrini ndipo nilipokwama. Skrini ya Hz 60 (inayochora picha upya mara 60 kwa sekunde) hufanya miondoko ya fremu 50 igugumie, na ikisoma viwango vya mwangaza vya video, 16 (nyeusi) hadi 235 (nyeupe), kana kwamba ni 0–255, nyeusi inakuwa kijivu. Je, nichukue skrini ya IPS (paneli isiyobadili rangi sana ukiitazama kwa pembeni) inayokubali Hz 50, au ile ndogo ya kamera yenye grafu ya mwangaza? Na kebo ya HDMI ya mita 15 itahimili, au niweke kigeuzi cha 3G-SDI (njia ya video ya kitaalamu kwa kebo ndefu ya koaksi) mapema?