Kibarua Mtumba kimekata. Nibaki Dodoma au nirudi Dar?

Mkazi wa Nkuhungu:
Wakuu, habari za jioni. Nilimaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) 2021, shahada ya sosholojia. Sikurudi kwetu Temeke kwa sababu kila mtu alikuwa anasema Serikali imehamia Dodoma, kazi ziko huku. Na kweli nilipata: saidia fundi Mtumba, kwenye majengo ya wizara. Kubeba zege huku cheti kiko kwenye begi si jambo la kusimulia mbele ya wakwe, lakini mkono ulikuwa unaenda kinywani.

Mwaka huu napata siku mbili kwa wiki, wiki nyingine patupu. Majengo yameisha, na walioingia ndani wamekuja na ajira zao kutoka Dar. Kijiweni tunaposubiri kuchukuliwa asubuhi tulikuwa kumi na kitu. Juzi nimehesabu tunapita hamsini, wengi wana shahada kama mimi. Usaili wa Sekretarieti ya Ajira nimefanya mara tatu, hola.

Kikoba kimevunjwa, nina laki nane. Kodi inaisha mwezi ujao. Nirudi nikaanze moja kwa mjomba Tandika, au nikomae? Matusi hapana.

Fundi Tailizi:
Dogo, umebeba zege miaka mitatu ukaondoka bila ufundi wowote? Mafundi wa jipsamu, alumini na tailizi walikuwa wanapita mbele yako kila siku! Mimi nilianza na toroli hivyohivyo 2018, mwaka Dodoma ilipotangazwa jiji. Serikali ikimaliza kujenga zake, watumishi wake ndio wanaanza. Tembea Nzuguni, Ilazo, Nala, uone misingi. Watu wanajenga kwa mshahara: leo dirisha, mwakani sakafu. Kazi hizo huzikuti kwenye tangazo, unapigiwa simu na mtu uliyemfanyia jirani yake. Tafuta fundi umfuate miezi minne kwa hela ya kula. Ukitaka cheti, vyuo vya ufundi vya VETA vina kozi fupi.

Chang'ombe Kwetu:
Nafuatilia. Hali ileile.

Mama Ntilie wa Makole:
Mwanangu pole. Usije ukamaliza hiyo laki nane kwenye kibanda cha chipsi. Bunge la bajeti likianza Aprili mji unajaa, gesti hazipatikani, sufuria zangu zinanizidi nguvu. Julai wabunge wakishaondoka nabaki na nzi na wateja wa mkopo. Huu mji una msimu kama shamba, na wageni wengi wanafungua biashara msimu ukiwa unaisha.

Mgogo Asilia:
Mbukwenyi! Mnaongea kama Dodoma ilianza 2016, Serikali iliposema inahamia. Makao makuu yalitangazwa 1973, wazee wetu wakasubiri hadi wakazeeka. Kuna atakayekwambia ukalime zabibu Hombolo. Zao zuri, linavunwa mara mbili kwa mwaka, ila shamba jipya linataka nguzo, waya na maji, na bei anapanga mnunuzi. Laki nane inaishia kwenye nguzo. Kama unapenda shamba, nenda kwanza kama kibarua wa kupogoa, uone.

Kaka Ipagala:
Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Lazima muwe kikundi. Ila jiungeni mnaojuana. Kikundi chetu tuliokotana, mwenzetu mmoja akahama na pikipiki ya mkopo, tunamlipia mpaka leo.

Mkazi wa Nkuhungu:
Asanteni sana. Fundi Tailizi umenichoma, lakini kweli. Nimempigia fundi mmoja niliyekuwa namkorogea mota. Kasema nifike Ilazo Jumatatu, elfu tano kwa siku, na nikivunja kigae nalipa. Nalipa kodi ya miezi mitatu, inayobaki siigusi. Mjomba sijamwambia bado.

Mama, wali maharage kwako shilingi ngapi?

Mama Ntilie wa Makole:
2,000. Kwangu hata ukija na vumbi la saruji, kaa tu.