Nafanyia kazi nyumbani na watoto wawili wadogo, naona siku haitoshi. Wenzangu mnafanyaje?

mama_wawili
Habari zenu wadau, naombeni mawazo hasa mnaofanyia kazi nyumbani huku mnalea. Mimi nakagua hesabu za kampuni moja, nimeajiriwa masaa 8 kwa siku, na likizo ya uzazi ilipoisha tulikubaliana na bosi nifanyie kazi nyumbani. Mkubwa ana miaka 4, mdogo miezi 9. Mwanzoni wala haikuwa shida, mdogo alikuwa ananyonya analala, ananyonya analala, mimi naendelea na ripoti zangu. Sasa hivi anatambaa, anashika kila kitu, alafu nikitoka tu machoni pake ni kilio mpaka nirudi. Mkubwa nae akisikia naongea na simu ndo anakuja na maswali yake yote.

Kwa hiyo mchana nafanya nusu nusu, kazi yenyewe naianza usiku wakishalala, namaliza saa 7 usiku na saa 11 mdogo kashaamka. Baba yao anatoka asubuhi anarudi jioni, ni mtu mzuri na anawapenda sana wanae, ila kichwani kwake mimi nimeshinda nyumbani. Ndugu nao hivyo hivyo, mtu anapiga saa 4 asubuhi anataka tupige stori, ukimwambia upo kazini anasema si upo nyumbani. Juzi mdogo kalia katikati ya kikao, bosi akaniuliza mbele ya wote kama kweli nna mazingira ya kufanyia kazi. Iliniuma sana maana kazi zangu nawasilisha kwa wakati siku zote.

Sitaki kuacha kazi na sitaki wanangu wakue wananiona mgongo tu. Niombe kupunguziwa masaa? Nitafute mtu wa kukaa nao? Au kuna namna ya kujipanga ambayo siijui?

bi_nyaraka
Pole dada. Nianze na hicho kilio. Watoto wengi kuanzia kama miezi 8 wanaanza kuelewa kwamba mama yupo hata kama hawamuoni, ila hawajui atarudi lini, ndo maana wanalia. Hujamdekeza, na kazi yako haijamharibu, ni hatua ya ukuaji na itapita. Usimtoroke, maana akigeuka akakukosa ndo anazidi kukuganda. Muage, mwambie mama anaenda kazini anarudi, hata kama unaenda chumba cha pili, na ukirudi mkumbatie. Cheza nae sana ule mchezo wa kujifunika uso na kujifunua, ndo anavyojifunza kwamba aliepotea anarudi.

Sasa kazi. Mimi natafsiri nyaraka, nimelea watatu huku natafsiri, na kilichonisaidia ni kutenganisha kazi inayotaka kichwa kizima na ile unayoweza kuiacha katikati ukairudia. Kutafuta kosa kwenye jedwali ni kazi ya kichwa kizima, hiyo ifanye mtoto akiwa amelala au yupo na mtu mwingine, basi. Kujibu imeili, kupanga mafaili, kuskani risiti, hizo fanya wakiwa wanacheza karibu yako. Wengi mtoto akilala tunakimbilia vyombo na nguo, akiamka ndo tunafungua laptopu, hapo ile saa moja ya utulivu umewapa vyombo. Vyombo unaweza kuosha yeye amekaa pembeni anakuangalia, hesabu huwezi.

Ila usitegemee usingizi wake ukupe masaa 8, haiwezekani. Mwongozo wa WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miezi 4 mpaka 11 anahitaji kulala masaa 12 mpaka 16 ndani ya masaa 24, na humo ni pamoja na usingizi wa mchana. Sehemu kubwa ni ya usiku, mchana unabaki na vipande viwili vitatu na huwezi kujua kipi kitakuwa kirefu. Wewe ni mtu wa hesabu, piga mwenyewe uone kwamba haijai. Shida sio kwamba hujui kujipanga.

baba_zamu
Kwetu mimi ndo nafanyia kazi nyumbani na watoto, mke wangu anatoka. Nakubaliana na dada hapo juu ila shemeji mmemruka kabisa, na yeye ndo jibu la kwanza kabla ya bosi na kabla ya kutafuta mtu. Sisi tulikaa chini tukaandika siku nzima saa kwa saa, nani yupo na watoto, nani yupo kazini, usiku nani anaamka. Ikishaandikwa hakuna tena cha "nilidhani wewe upo". Mfano kama anatoka saa 2, basi saa 11 alfajiri mpaka saa 1 na nusu watoto ni wake, ukishamnyonyesha mdogo unafunga mlango unafanya kazi. Jioni saa 12 mpaka saa 2 usiku ni wake tena. Hapo una masaa manne na nusu ya akili safi, na saa 4 usiku umelala. Mwambie hivyo hivyo kwa namba, usimwambie "nisaidie", maana akisaidia inakuwa kazi ni yako yeye kakuonea huruma tu.

Kwa bosi usianze na kupunguziwa masaa. Mara nyingi mshahara unapungua kweli ila kazi inabaki ile ile. Omba masaa ya kupatikana, labda saa 4 mpaka saa 6 asubuhi, vikao na simu zote ziingie humo, kwingine wapime kazi uliyowasilisha. Omba iwe majaribio ya mwezi mmoja, ni rahisi mtu kukubali kitu chenye mwisho.

Na kile kilio kisikupe aibu. Mwaka 2017 profesa Robert Kelly alikuwa anahojiwa mubashara na BBC akiwa nyumbani kwake Busan, Korea Kusini, watoto wake wawili wakaingia mmoja baada ya mwingine, mama yao akaja mbio kuwatoa, dunia nzima imeiona ile vidio. Hakuacha kuwa profesa. Ndugu wa saa 4 asubuhi weka simu kimya, utawapigia jioni.

nesi_mstaafu
Binti yangu, mimi nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, naomba niseme tofauti kidogo na wenzangu. Habari ya kujibu imeili huku mtoto anaetambaa anacheza karibu yako siipendi. Huyo anataka macho ya mtu asie na kazi nyingine. Hapo ulipokaa kuna waya wa chaja, kuna kikombe cha kinywaji cha moto ambacho hata baada ya robo saa bado kinaweza kuunguza ngozi ya mtoto, na kuna zile betri ndogo za duara kwenye rimoti na midoli. Betri ile ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza vibaya ndani ya masaa 2, na mtoto pengine humuoni na dalili zaidi ya kutoa udenda na kukataa kula. Ukihisi tu kameza ni hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri kuona kama itatoka.

Kwa hiyo tafuta mtu, hata kwa masaa matatu manne ya mchana. Awe ndugu, awe mtu wa kulipwa, au mzazi mwenzio mnaebadilishana siku. Mkubwa wa miaka 4 akipata chekechea ya nusu siku umepumua.

mama_wawili
Asanteni sana, mama yangu nesi leo leo nakagua rimoti zote. Jioni naongea na baba yao, nimeshachora ratiba. Maswali mawili: mkubwa nikimuwekea katuni wakati wa kikao ni vibaya? Na mtu akija kukaa nao, mdogo akisikia sauti yangu atataka nyonyo, hiyo si nitaambiwa tena sipo kazini?

bi_nyaraka
Mwongozo ule ule wa WHO, chini ya mwaka mmoja asikae mbele ya skrini kabisa, miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndo vizuri. Sasa hiyo saa usiitumie asubuhi wakati unapiga deki, itunze kwa ajili ya kikao.

dawati_la_ajira
Nashughulika na masuala ya wafanyakazi, nijibu la kunyonyesha. Mkataba wa ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, namba 183 wa mwaka 2000 kifungu cha 10 unampa mama haki ya kupumzika mara moja au zaidi kwa siku kunyonyesha, au kupunguziwa masaa ya siku, na muda huo unahesabiwa ni wa kazi na unalipwa. Mkataba unazibana nchi zilizouridhia, na idadi na urefu wa mapumziko unapangwa na sheria ya nchi, kwa hiyo soma sheria ya kazi ya kwenu na mkataba wako wa ajira. Kufanyia kazi nyumbani hakukuondoi kwenye kuwa mwajiriwa.

Mwandikie bosi, usimpigie. Kitu kama: "Kuanzia tarehe fulani napendekeza nipatikane kwa vikao na simu saa 4 mpaka saa 6 kila siku, ripoti zitaingia kwa tarehe zile zile, nitakuwa na mapumziko mawili ya kunyonyesha, tujaribu mwezi mmoja kisha tupitie pamoja." Ambatanisha orodha ya ripoti ulizowasilisha kwa wakati tangu umerudi likizo.

mama_wawili
Nimeandika hivyo hivyo, nimeanza na "Samahani kwa usumbufu uliotokea kwenye kikao". Niitume?

baba_zamu
Toa hiyo ya samahani, anza na orodha ya ripoti. Alafu itume kesho asubuhi ukishaongea na shemeji, ili hayo masaa unayomwahidi bosi uwe nayo kweli.