Chakula cha usiku na onyesho mjini: tupeane uzoefu

Mkaazi wa Chake

Assalamu alaykum ndugu zangu. Juzi nilimsikia jirani yangu akimlaumu mumewe kwamba walikata tiketi za taarabu, wakafika ukumbini wakati wapigaji wanarudisha fidla ndani ya mikoba yake, kwa sababu tu samaki alichelewa kuletwa mezani. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba sisi tunaotoka Pemba na mashamba ya Unguja kwenda Mjini Unguja kupumzika siku mbili tatu tuna shida hiyo hiyo: tunataka kula vizuri, tunataka kuona onyesho, na usiku ni mmoja.

Naanza mimi. Nilishuka boti na mke wangu, na jioni tukapanda kwenye mkahawa mmoja wa juu ya paa, upande wa Shangani. Tuliagiza mara baada ya Magharibi, tukijua kwamba onyesho la taarabu lilikuwa Ngome Kongwe, ile ngome ya zamani yenye ukumbi wa wazi, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mhudumu alikuwa mwenye adabu sana, na kila tulipomwuliza alijibu kwamba chakula kiko njiani, mpaka adabu yake ikaanza kunitia hasira. Isha ikaadhiniwa, tukaswali na kurudi, na meza bado ilikuwa na glasi za maji tu. Halafu ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ikaanza kusikika kutoka Ngomeni, inatiwa sauti. Mke wangu akasema, “Basi ndiyo tumeshalipia kusikiliza kwa mbali.” Tuliposimama kuondoka, changu akatokea, mzima, anatoa moshi.

Tulifungiwa samaki kwenye karatasi ya foili, mke wangu akamficha ndani ya buibui, tukaingia. Haikupita muda harufu ya thomu na ndimu ikawafikia waliokaa mbele yetu, nao wakaanza kugeuka mmoja mmoja. Kisha wakaja paka. Alianza mmoja wa rangi ya chungwa, akakaa kwenye ngazi ya mawe mbele ya mke wangu na kumtazama kama mdai, na mwimbaji alipofika ubeti wa pili tulikuwa tumezungukwa. Sikumbuki hata wimbo mmoja wa usiku ule.

Bi wa Mkunazini

Paka wa Ngome Kongwe wanaijua ratiba ya maonyesho kuliko sisi wenyeji.

Fidla ya Nyuma

Ndugu Mkaazi, mimi hukaa jukwaani, safu ya nyuma ya wapiga fidla, na nakuhakikishia kwamba tunawaona nyote mnapoingia mmejificha vifurushi. Naomba niseme jambo ambalo wageni wengi hawalitilii maanani. Taarabu ya asili haianzi kwa mwimbaji. Huanza kwa basharafu, kipande cha ala tupu, ambapo fidla, ganuni, udi, nai na akodiani husemezana huku ngoma ya dumbaki na tari ya rika zikishika mwendo. Watazamaji wengi huichukulia basharafu kuwa ni muda wa kutafuta viti na kuamkiana, ilhali hapo ndipo kazi yetu ngumu inapoonekana. Vikundi vyetu havikuanza jana: Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, na tangu hapo watu wanachelewa kwa sababu ya wali.

Ushauri wangu ni mmoja: njooni kwanza, kuleni baadaye. Ngome na bustani ya Forodhani zinatazamana, na baada ya onyesho bado mtakuta taa za wauzaji wa vyakula zinawaka.

Mzee wa Ng'ambo

Kijana, usiwapotoshe watu. Forodhani saa nne na nusu usiku unakula kilichokataliwa na waliotangulia. Mishkaki imekwisha kupashwa moto mpaka imekuwa mbao, na pweza ameshageuzwa juu ya makaa mara ngapi Mungu ndiye ajuaye. Aendaye Forodhani aende jua linapozama, wakati vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani na makaa ndiyo kwanza yanashika. Aulize bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa kwenye sahani, ale, anywe juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu mbele ya macho yake, kisha avuke njia kwenda Ngomeni. Hakuna haja ya mikahawa ya juu ya paa.

Mshoni wa Kofia

Naunga mkono Mzee, isipokuwa kwa mantabali, ile wanayoiita piza ya Zanzibar. Inakandwa, inajazwa nyama na yai na kukunjwa moja moja mbele yako, na ukikuta mbele yako watalii kumi, basharafu itapigwa, itakwisha, na wewe bado unasubiri yai lako livunjwe.

Msafiri wa Mbali

Ndugu zangu, niliwahi kuishi London kwa masomo, na huko suala hili wamelipatia utaratibu ambao mwanzoni niliuona ni ukatili. Katika mitaa ya majumba ya maonyesho ya West End, mikahawa mingi huwa na chakula maalumu cha mapema chenye bei nafuu, kwa sababu onyesho kwa kawaida huanza saa moja na nusu usiku, na huanza kweli. Ukichelewa, unaweza kuwekwa nje mpaka ipatikane nafasi ya kukuingiza bila kuwasumbua wengine. Wakati wa mapumziko watu hununua aiskrimu katika vikopo vidogo, hata wazee wenye tai.

Ila nililolipenda zaidi ni lile la Globe, ukumbi uliojengwa upya kwa mfano wa ule wa zama za Shakespeare na kufunguliwa mwaka 1997. Katikati hauna paa, kama Ngome yetu. Wenye tiketi za bei ndogo husimama uwanjani mbele ya jukwaa mchezo mzima, na mvua ikinyesha hawaruhusiwi kufungua mwavuli, kwa kuwa utawaziba walio nyuma. Nilinyeshewa na mvua pale kwa muda wa sehemu mbili ndefu za mchezo, na waigizaji hawakupunguza hata neno. Hapa kwetu, matone yakidondoka tu, watu wote hukimbilia chini ya matao na khanga vichwani.

Bi wa Mkunazini

Na wafanye nini? Nguo za harusi na Idd zinagharimu. Huko London walivaa nini?

Mwalimu Mstaafu

Nimesoma yote kwa makini, na naona tunachanganya mambo mawili. Mada ilitaja onyesho, lakini kila mtu anazungumzia taarabu. Taarabu ni muziki. Tamthilia ni sanaa nyingine, yenye wahusika, mgogoro na hatima, na inayostahili kutazamwa kwa utulivu pasipo mtu kuinuka na noti mkononi. Napendekeza tuzitenganishe.

Fidla ya Nyuma

Mwalimu, kwa heshima zote, wewe umeona mgogoro gani wa jukwaani unaoshinda wa wanawake wawili wanaotunza wimbo mmoja, kila mmoja akimpelekea mwimbaji noti zake? Wahusika wapo, hatima ipo, na mavazi yanashinda ya kikundi chochote cha maigizo.

Mwalimu Mstaafu

Hiyo si hoja, hiyo ni fujo.

Bi wa Wete

Ahsante, Fidla, umenitia ujasiri wa kueleza lililotupata, na Mwalimu ndiye atakayeamua kama ni muziki au ni tamthilia.

Tulikwenda Mjini mimi, kaka yangu na mkewe, ambaye ni wifi yangu tunayependana sana. Ilikuwa siku chache baada ya Idd, msimu ambao taarabu zinarudi baada ya kimya cha Ramadhani. Kwa upande wa chakula hatukuwa na lawama: tulikula pilau na kuku wa kupaka mahali tunapokaa juu ya mkeka na mito, chakula kikaja kwa wakati, na tukawahi basharafu yote, Fidla atafurahi. Tulikaa upande wa wanawake, safu ya tatu, na kaka akaaga kwamba anakwenda kununua maji.

Mwimbaji alianza wimbo wa kumsema mtu anayependa kuchungulia vyungu vya wenziwe. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kwa raha zangu. Ghafla wifi akanishika mkono kwa nguvu, akiwa amemkazia macho mwanamke aliyekaa safu ya mbele, aliyevaa gauni la kijani lenye nakshi za dhahabu kwenye mikono. Nilimwuliza kuna nini, hakunijibu. Alifungua mkoba, akatoa noti ya shilingi elfu kumi, akaikunjua, akaishika kwa vidole viwili juu ya bega, akainuka.

Mnaojua taarabu mnajua kwamba hakwenda moja kwa moja kwa mwimbaji. Alikwenda kwa mwendo wa madaha, akizunguka safu ya mbele, na alipofika mbele ya gauni la kijani akasita, akageuza kiuno kidogo, ndipo akaendelea, na noti ikatua mkononi mwa mwimbaji pale pale ubeti ulipotaja chungu cha watu. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Mwenye gauni la kijani akakaa kama aliyepigiliwa msumari, kisha naye akainuka, na noti tatu. Alimnong'oneza mwimbaji, na ubeti ukarudiwa. Wifi akainuka tena. Ubeti ukarudiwa. Mwimbaji alikuwa anatabasamu kwa furaha ya halali kabisa, mikono imemjaa, na wapigaji walikuwa wakirudi mwanzo wa ubeti kabla hawajaambiwa.

Lakini dakika mbaya kuliko zote ilikuwa pale kaka yangu alipotokea mlangoni na chupa za maji, na mishkaki ndani ya gazeti. Aliwaona wanawake wawili wamesimama mbele ya jukwaa, wanatazamana, noti juu. Alimtazama wifi. Akamtazama mwenye gauni la kijani. Akaweka maji chini, taratibu, akageuka, akatoka. Tulimkuta Pemba.

Mshoni wa Kofia

Subhanallah. Mwenye gauni la kijani ni nani?

Bi wa Mkunazini

Swali gani hilo? Ni mke mwenza. Hakuna mwanamme anayekimbia bila sababu.

Mzee wa Ng'ambo

Msiwahukumu watu. Huenda alikuwa anawahi boti.

Bi wa Mkunazini

Boti gani inayoondoka usiku ule, Mzee wangu? Wewe na yeye mna lenu.

Mkaazi wa Chake

Ndugu zangu, naomba turudi kwenye mada. Tulikuwa tunajadili kama ni bora kula kabla ya onyesho au baada yake.

Mshoni wa Kofia

Kula baadaye. Haya, Bi wa Wete, mwenye gauni la kijani ni nani?

Msafiri wa Mbali

Mimi nasema kula kabla, lakini kidogo, kisha kula tena baadaye. Na kwa wanaotoka shamba, panga mapema pa kulala Mjini, maana usiku mkubwa gari za shamba hazipatikani na teksi zinajua kwamba huna njia nyingine. Bi wa Wete, tunakusubiri.

Mwalimu Mstaafu

Nami nasubiri, kwa sababu za kitaaluma.

Bi wa Wete

Mumenikosesha usingizi. Yule mwanamke ni fundi cherahani. Kabla ya Ramadhani wifi alimpelekea kitambaa cha kijani alicholetewa kutoka Oman, akamlipa na nusu ya ushonaji, gauni liwe tayari kwa Idd. Kila alipopigiwa simu, fundi alijibu kwamba mashine imeharibika. Idd ikapita. Wifi hakumtambua kwa sura kwanza, alitambua nakshi za mikononi, ambazo alizichagua yeye mwenyewe. Fundi alikuwa amelivaa.

Fidla ya Nyuma

Sasa naukumbuka usiku huo. Tulipiga ule ubeti mpaka mpiga besi akabadilisha mkono.

Bi wa Mkunazini

Mimi sijaridhika. Kama ni fundi tu, kaka yako alikimbia nini?

Bi wa Wete

Hilo ndilo analoulizwa na wifi mpaka leo, kila kinapopakuliwa chakula.

Mwalimu Mstaafu

Naondoa pendekezo langu la kutenganisha.

Mkaazi wa Chake

Tunakusudia kuja tena Mjini Idd ijayo, in shaa Allah. Kwa wanaojua: tufike ukumbini saa ngapi ili tusikose basharafu?

Mzee wa Ng'ambo

Tiketi ikiandikwa saa mbili na nusu, wewe nenda saa tatu na nusu umeshiba.

Fidla ya Nyuma

Usimsikilize. Njoo saa mbili na nusu kamili, chukua mto wa kukalia kwa sababu mawe ya Ngome ni makali, na kama unakuja na mke wako, mwulize kwanza anashonesha wapi.