Maiki ya kumrekodi nyanya akisimulia: ya kubana kwenye nguo au ya juu ya kamera?

kijana_wa_Nyamasaria: Habari zenu. Nataka kurekodi video za nyanya akieleza historia ya ukoo wetu, mimi nikimuuliza maswali. Nina simu ya Android yenye tundu la Type-C pekee, nayo husimama kama mita 2 kutoka anapoketi. Sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya tangi la maji. Nyumba ni ya mabati, haina dari, sakafu ni ya saruji. Ninunue gani?

sauti_Nakuru: Ndugu, kinachokuharibia ni hizo mita 2. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti ya msemaji hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), ilhali mwangwi na kelele za chumba hubaki palepale. Ukisogeza maiki hadi sentimita 25 umepata karibu desibeli 18, na hakuna maiki ya juu ya kamera itakayokupa hizo ikiwa mbali.

Chukua ya kubana kwenye nguo, yenye waya. Boya BY-M1 inatosha kabisa: waya wake ni mita 6. Swichi iweke upande wa simu. Upande wa kamera ndio unaotumia betri ya LR44. Tazama pia pini ya mwisho wa waya. Ya simu ina mistari mitatu myeusi, ya kamera ina miwili. Ukichomeka ya kamera kwenye simu, simu haiitambui, inaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe bila kukuambia.

Kwa kuwa pini hiyo ya duara haiingii kwenye tundu lako, utahitaji adapta ya Type-C. Iwe na chipu ya sauti ndani, na iwe inapokea maiki, maana nyingine hutoa sauti tu. Kisha tumia programu ya Open Camera, uchague maiki ya nje kwenye mipangilio. Kabla nyanya hajaanza, rekodi sekunde 10 ukikwaruza kichwa cha maiki kwa ukucha. Usiposikia mkwaruzo mkali, bado unarekodi kwa maiki ya simu.

mama_Kakamega: Ibane shubiri moja chini ya kidevu, mbali na shanga na leso, halafu kunja waya kitanzi kimoja chini ya kibanio ili akijigeuza usivutike. Mabati yasiyo na dari hayana dawa mvua ikianza, na huku kwetu mvua hupenda alasiri, kwa hiyo rekodi asubuhi. Tundika blanketi nzito mbili nyuma ya simu, ukutani anakotazama, na mkeka au godoro sakafuni. Friji izime.

kijana_wa_Nyamasaria: Asanteni sana. Na maswali yangu je? Maiki ni moja.

sauti_Nakuru: Tia simu ya pili kwenye mfuko wa shati, kichwa chini, kwa sababu maiki yake iko upande wa tundu la chaji. Irekodi sauti tu. Zote zikishaanza, piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri utalinganisha kofi hilo kwenye rekodi zote mbili ili sauti ziende pamoja.

mama_Kakamega: Na zote ziwe kwenye hali ya ndege, maana mtu akipiga, rekodi inaweza kukatika. Ile ya video ijae chaji kabisa kabla ya kuanza, kwa kuwa tundu lake litakuwa limeshikwa na adapta.