Bonde la Suguta kwa helikopta: tuondoke saa ngapi, na tutue wapi?

Mwenda Kaskazini ameuliza:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na wenzangu watatu tunakusudia kukodi helikopta kutoka Nanyuki hadi Bonde la Suguta, kusini mwa Ziwa Turkana, kwa kuwa njia za magari kule ni za kubahatisha na maji ni haba. Tungependa kuona volkano ya Silali, Ziwa Logipi na kasoko (shimo la volkano) ya Nabuyatom iliyo ukingoni mwa Ziwa Turkana, kwa siku moja. Kampuni moja inatushauri tuondoke alfajiri, na nyingine inasema saa nne asubuhi inatosha. Je, tofauti hiyo ina uzito gani, na wapi panafaa kutua?

Mpenda Ramani:
Ondokeni alfajiri. Hewa ikipata joto huwa nyepesi, na panga za helikopta hukosa cha kusukuma. Sakafu ya Suguta iko takriban mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, lakini joto likifika nyuzi 40, jambo la kawaida kule mchana, hewa yake huwa nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,300 hivi. Hilo rubani atalimudu. Kwenye Silali, ambayo kilele chake kinakaribia mita 1,500, joto na mwinuko hujumlishwa, na anayetua ndani ya shimo lake atalazimika kupanda tena akiwa na abiria wanne pamoja na mafuta ya kurudia. Mimi ningelitazama kutoka angani tu: lina urefu wa kilomita 8 kwa upana wa 5, na umbo lake halisomeki ukiwa chini.

Mzee wa Magadi:
Nakubaliana na ndugu Mpenda Ramani. Kuhusu Logipi, msitamani ule weupe wa kando ya ziwa. Unaonekana mgumu kama sakafu ya saruji, kumbe ni ganda la chumvi na magadi juu ya tope. Mwachieni rubani achague changarawe ya lava iliyo mbali na maji. Heroe (flamingo) wakiwapo, msishuke chini kuwapiga picha, kwani kundi zima likiruka kwa hofu, heroe hao na helikopta huwa hatarini pamoja.

Kisha vukeni safu ya volkano iitwayo Barrier, ambayo ndiyo inayotenganisha Logipi na Turkana. Hapo ipo volkano ya Teleki, Mhungaria aliyefika huko mwaka 1888 na kuikuta ikiwa hai. Jina ni lake, ingawa msafara ulianzia Pangani, wapagazi wengi walikuwa watu wa pwani, na miongoni mwa waliouongoza alikuwemo Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu.

Binti Baragoi:
Naomba niongeze jambo ambalo kampuni hulipitia haraka mno. Bonde hilo lina wenyewe. Waturkana, Wasamburu na Wapokoti hulisha mifugo humo, na migogoro ya mifugo imeua watu wengi. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa huko walipofuatilia ng'ombe walioibwa. Kabla ya kulipa, itakeni kampuni iwaeleze imewasiliana na chifu na wazee gani, wiki hiyo hiyo ya safari, kwa kila mahali mtakapotua. Isipoweza kuwajibu, zungukeni angani na mtue Nabuyatom pekee, iliyo nje ya bonde hilo.