Begi limevunjwa, kaunta inakwambia "magurudumu hayahusiki". Tuache kudanganywa

Wakuu, mabegi ya ndege kufika Dodoma yamepasuka ni kero, ila majibu ya kaunta ndiyo yanayochefua. "Magurudumu na vishikio hatulipii." "Nenda nyumbani, utatuandikia barua pepe." Abiria kachoka, anaitikia, anaburuta begi lenye gurudumu moja hadi kwenye bajaji. Madai yamefia hapo.

Kwa safari ya kimataifa, Tanzania imo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, ule unaopanga dhamana ya mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo. Ibara ya 17 inalibebesha shirika dhamana ya begi lililoharibika mikononi mwake, na si lazima uthibitishe uzembe. Linajinasua pale chanzo ni ubovu wa begi lenyewe au kosa lako mwenyewe. Ibara ya 26 inafuta sharti lolote la kukwepa dhamana hiyo. Sasa "magurudumu hayahusiki" imetoka wapi? Mikwaruzo sawa, hiyo tunameza. Gurudumu kung'oka na kipande cha ganda si mkwaruzo!

Usitoke ukumbi wa mizigo bila ripoti ya tatizo la mzigo, wanayoiita PIR. Namba yake huanza na herufi 3 za kiwanja (Dodoma ni DOD), 2 za shirika, kisha tarakimu 5. Piga picha begi likiwa na lebo yake, na lebo usiichane.

PIR usiitegemee peke yake, wapo watakaodai si malalamiko rasmi. Andika malalamiko ndani ya siku 7 tangu upokee begi. Ni siku za kalenda, Jumapili na Iddi zimo. Zile siku 21 ni za mzigo uliochelewa. Ukipitisha 7, hata mahakamani hupokelewi. Ukiwahi, una miaka 2 ya kufungua kesi.

Wa Dubai–Dar–Dodoma kwa mashirika mawili ndio wanaorushwa kama mpira. Tiketi ikiwa moja, unaweza kumdai wa kwanza, wa mwisho, au aliyekuwa na begi lilipovunjika, na kipande cha Dar–Dodoma kinabaki ndani ya Mkataba. Tiketi zikiwa mbili, kwa kawaida zinahesabiwa safari mbili tofauti. Begi ukilichukua Dar kwa ajili ya forodha, likague palepale. Ukilikabidhi tena limevunjika bila ripoti, kila mmoja atamsingizia mwenzake.

Ukomo wa fidia tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha IMF) kwa abiria, kama dola 2,000 hivi. Ni ukomo, si zawadi: wanalipa hasara uliyothibitisha, na wanakata uchakavu. Kwa hiyo tafuta risiti ya begi, na karatasi ya fundi yenye muhuri inayosema linatengenezeka kwa bei gani au halitengenezeki kabisa. Fundi wa soko la Majengo anatosha, mradi aandike.

Mnaobeba mvinyo wetu wa Dodoma, kile kibandiko mnachosainishwa kuwa mzigo ni wa kuvunjika kisomeni. Chupa ikipasuka watasema ulifunga vibaya, na hapo wana hoja. Lakini gurudumu halikuvunjwa na mvinyo.

Safari ya ndani tupu haimo kwenye Mkataba. Inaongozwa na kanuni za nchi na masharti ya tiketi, ila ripoti idai vilevile. Shirika likikaa kimya, peleka TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) nakala ya PIR, barua yako na tarehe uliyoituma.