Tupeane uzoefu: mradi wa kundi la uhandisi, nusu PT (mafunzo kwa vitendo) Tabora na Kigoma, nusu chuoni Dar

Wakuu, msimu wa PT kundi hutawanyika: wawili Tabora, mmoja Kigoma, waliobaki Dar na osiloskopu. Ripoti haisubiri. Mwageni mbinu. Naanza na bando.

Sauti ya Jitsi (programu ya mikutano ya mtandaoni) husafiri kwa kodeki ya Opus, yaani mfumo wa kubana sauti. Kwa kilobiti 40 kwa sekunde, saa nzima ni MB 18. Ukijumlisha vichwa vya pakiti (data ya anwani inayobandikwa kila kifurushi), kama 25. Washa kamera moja ya kilobiti 500, saa hiyohiyo inakula MB 225. Zimeni kamera, sura mnajuana.

#2
Umenena kiongozi. Kwa saketi, msitumiane picha, tumianeni faili ya LTspice (programu ya kuchora na kuigiza saketi) yenyewe. Ile .asc ya mchoro ni maandishi matupu, KB chache tu. Inayomeza bando ni .raw ya matokeo, hiyo iacheni. Mwenzako akibonyeza Run itajitengeneza upya.

Kinachokwamisha ni modeli, yaani faili zinazoeleza tabia ya vifaa kama transista. Mtu anaandika .include C:\Users\... halafu aliyeko Kigoma hana hiyo njia, simulesheni inagoma. Weka .asc, .lib (modeli) na .asy (alama ya kifaa) kwenye folda moja, kwenye .include acha jina la faili peke yake, kisha zipu folda nzima. Na mshika kalamu awe mmoja kwa kila faili: mmoja pawasapulai, mwingine amplifaya. Wawili wakihariri faili moja, Drive haitawaunganishia waya.

#3
Wanaorekodi maelezo kwa OBS (programu ya kurekodi skrini): punguzeni fremu, msipunguze ukubwa wa picha. 1280x720 kwa fremu 5 kwa sekunde inatosha kwa mchoro usiotembea, na thamani za rizista zinasomeka. Ukishusha hadi 360p, 4k7 (kiloohm 4.7) na 47k utazibahatisha.

Rekodini kwa MKV. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni, kwa hiyo umeme ukikatika dakika ya 40, faili yote haifunguki. MKV inabaki na kila kilichokwisha kurekodiwa. Baadaye ingia File, chagua Remux Recordings, upate MP4.

#4
Na mawimbi ya osiloskopu? Picha za WhatsApp zinafifia.

#2
Itume kama dokumenti, haitabanwa. Ila bora flashi: chomeka kwenye osiloskopu, hifadhi CSV (jedwali la namba), andika pembeni probu ilikuwa x1 au x10 (x10 hugawa volti kwa 10). Probu ikiwa x10 na mpangilio wa chaneli kwenye osiloskopu umeachwa x1, volti 12 zinasomeka 1.2, na aliyeko Tabora atahangaika na saketi isiyo na kosa.